Nani aliwapanga wanafunzi wa Soweto? Jibu kwa mwanafunzi wa Morogoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Morogoro, na ni mjumbe wa baraza la watoto la kata yetu. Kwenye mdahalo wa Siku ya Mtoto wa Afrika ulizuka ubishi. Upande mmoja ulisema wanafunzi wa Soweto, kule Afrika Kusini, mwaka 1976 waliingia barabarani kwa hasira tu, hakuna aliyewapanga. Upande wa pili ukasema ANC, chama cha ukombozi cha huko, ndiyo iliyowatuma. Mimi nilisoma mahali kwamba walikuwa na baraza lao wenyewe. Ukweli ni upi? Kama baraza lilikuwepo, shule zao zilichangia nini? Mbona halikudumu? Na Mazimbu yetu ya hapa Morogoro inaingiaje humo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli. Baraza lilikuwepo, na lilikuwa la wanafunzi wa sekondari wenyewe. Liliitwa Soweto Students' Representative Council, kwa kifupi SSRC, yaani Baraza la Wawakilishi wa Wanafunzi wa Soweto. Jina hilo lilianza kutumika Agosti 1976, lakini chombo chenyewe kilizaliwa kabla ya maandamano, Jumapili ya tarehe 13 Juni, kikiwa kamati ya wajumbe waliotoka shule mbalimbali. Pande zote mbili za mdahalo wenu zimeshika kipande cha ukweli. Hasira ilikuwepo, na ANC ilikuwa na watu wake wachache mjini. Ila wote wameziruka shule. Mtu asiyezitazama shule za Soweto kwa makini hawezi kueleza jinsi maelfu ya watoto walivyotoka madarasani asubuhi moja, kutoka pande tofauti za mji, wakielekea mahali pamoja.

Basi tuanze na shule zenyewe. Mwaka 1953 serikali ya Makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, iliyokusudia kumpa Mwafrika elimu ya kumtumikia Mzungu na kumwekea mpaka hapo. Katika miaka ya 1960 serikali haikutaka kabisa kujenga sekondari mpya Soweto. Mtoto aliyetaka kuendelea na masomo alitakiwa aende kwenye bantustani, yale maeneo ya mashambani waliyotengewa Waafrika kwa misingi ya kabila. Sera hiyo ililegezwa mwaka 1972 baada ya wenye viwanda kulalamika kwamba hawapati vijana waliosoma. Shule zikajengwa kwa haraka. Wanafunzi wa sekondari Soweto, ambao mwaka 1972 walikuwa kama 12,700, walifika karibu 34,700 mwaka 1976. Hebu fikiria ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka minne, huku serikali ikitumia randi 644 kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa Kizungu na randi 42 kwa mtoto wa Kiafrika. Juu ya hayo, mwaka 1976 muda wa shule ya msingi ulipunguzwa kwa mwaka mmoja, kwa hiyo madarasa mawili yakaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Watoto walibanana madarasani, walimu walikuwa wachache na wengi wao hawakuwa na mafunzo ya kutosha.

Kwa namna hiyo serikali, bila kukusudia, ilikuwa imewakusanya vijana wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, wa rika moja, wenye kero moja, ndani ya mji mmoja. Hilo lilikuwa jambo jipya Soweto.

Halafu likaja suala la lugha. Mwaka 1974 ilitoka amri kwamba kuanzia Standard 5, ambayo ni sawa na darasa letu la saba, na katika vidato vya mwanzo vya sekondari, Hisabati na masomo ya Jamii kama Historia na Jiografia yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, na Sayansi kwa Kiingereza. Walimu wengi wa Kiafrika hawakukimudu Kiafrikana chenyewe, sembuse kukitumia kufundishia Hisabati. Mtoto aliyekuwa akihangaika na hesabu sasa alitakiwa kuhangaika nayo kwa lugha ya askari na ya afisa wa pasi, ile hati ambayo Mwafrika alilazimika kuibeba ili aruhusiwe kuwa mjini.

Watu wazima ndio waliotangulia kupinga, na hili mara nyingi husahaulika. Mapema mwaka 1976 bodi ya shule za Meadowlands, ambayo ni sehemu ya Soweto, ilikataa amri hiyo na kutaka shule zake ziendelee kufundisha kwa Kiingereza. Serikali ikawafukuza wajumbe wawili wa bodi, na wenzao wakajiuzulu kwa kupinga. Wazazi waliandika barua, walimu walilalamika, wakuu wa shule walikwenda kuonana na maofisa wa elimu. Naibu waziri aliyesimamia elimu ya Waafrika, Andries Treurnicht, hakutikisika. Milango yote halali ambayo mtu mzima angeweza kubisha ilikuwa imeshabishwa na kufungwa kabla mtoto hajaingia barabarani.

Tarehe 17 Mei 1976, wanafunzi wa Orlando West Junior Secondary waligoma kuingia darasani. Hawa walikuwa wadogo, wa vidato vya chini, kwa sababu amri iliwagusa wao. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Seth Mazibuko, mvulana ambaye baadaye alikuwa mdogo kuliko wote katika kesi nitakayoitaja. Wiki chache zilizofuata mgomo ulienea katika shule nyingine za jirani. Ila ulibaki mgomo wa shule moja moja: hii imegoma leo, ile imerudi darasani kesho, na mkuu wa elimu anamalizana na kila moja kivyake.

Hapa ndipo shule kubwa zinapoingia. Soweto ilikuwa na sekondari chache zenye vidato vya juu na jina zito: Morris Isaacson, Naledi, Orlando High, Sekano-Ntoane na nyingine. Wanafunzi wa vidato vya juu katika shule hizi hawakuguswa na amri ya Kiafrikana. Wangeweza kunyamaza, wasome, wafanye mtihani wao wa mwisho na kuwaacha wadogo wahangaike. Nakuomba ulitilie maanani jambo hili kuliko tarehe zote nitakazokutajia, maana bila uamuzi wa wakubwa kubeba shida isiyokuwa yao, baraza lisingekuwepo.

Walifikaje kwenye uamuzi huo? Kwa miaka kadhaa shule hizi zilikuwa na vyama vya midahalo, makundi ya Wakristo wanafunzi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa na chama chao cha wanafunzi wa sekondari, South African Students' Movement, au SASM. Kilianzia katika sekondari za Soweto na kuenea hadi miji mingine. Vijana wa SASM walijua kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kuchagua katibu. Walikuwa wakitembeleana shule kwa shule kwa ajili ya midahalo, kama mnavyofanya ninyi, na kwa hiyo mwanafunzi wa Naledi alimjua kwa jina na kwa sura mwenzake wa Morris Isaacson. Walikuwa pia wamesikia fikra za Mwamko wa Watu Weusi, zilizoenezwa na Steve Biko na wenzake wa vyuo vikuu, kwamba Mwafrika aache kwanza kujidharau ndipo atakapoweza kujikomboa.

Fikra hizo zilifika darasani kupitia walimu. Mfano mkubwa ni Onkgopotse Tiro. Mwaka 1972 alifukuzwa Chuo Kikuu cha Turfloop baada ya kuishambulia elimu ya kibaguzi katika hotuba ya mahafali. Mkuu wa Morris Isaacson, Lekgau Mathabathe, akampa kazi ya kufundisha Historia, akijua fika anamwajiri nani. Serikali ilimwondoa Tiro kazini mwaka uliofuata, akakimbilia Botswana, na Februari 1974 aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi cha posta. Waliokaa mbele yake darasani walikuwa bado wanafunzi, au wadogo zao walikuwa wamechukua viti vyao, mwaka 1976 ulipofika. Kwa hiyo ukiniuliza shule zilichangia nini, sisemi kwamba wakuu wa shule waliitisha maandamano. Hawakuitisha, na wengi wao hawakujua lolote mpaka asubuhi yenyewe. Walichofanya baadhi yao ni kuacha nafasi: ukumbi wa mdahalo, mwalimu asiyeogopa maswali, chama cha wanafunzi kisichovunjwa. Mathabathe mwenyewe baadaye alikaa katika Kamati ya Watu Kumi, kundi la watu wazima waliojaribu kuisemea Soweto mbele ya serikali.

Tarehe 8 Juni polisi wa usalama walikwenda Naledi kumkamata kiongozi wa SASM wa shule hiyo. Wanafunzi waliwazuia na kuichoma gari yao moto. Tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba mambo hayatarudi yalikokuwa.

Jumapili ya tarehe 13, SASM iliitisha mkutano katika ukumbi wa jamii wa Donaldson, Orlando. Walikuja mamia ya wanafunzi. Ajenda ilikuwa moja: wadogo wanaogoma wataachwa peke yao hadi lini? Ilikubaliwa kwamba kila shule itoe wajumbe wawili, na wajumbe hao waunde kamati ya utekelezaji. Miongoni mwa waliobeba uongozi walikuwa Tebello Motapanyane wa Naledi, Tsietsi Mashinini wa Morris Isaacson aliyekuwa na miaka 19, na yule kijana Seth Mazibuko wa Orlando West. Angalia muundo huo: shule kubwa mbili na shule ya wadogo iliyoanzisha mgomo, wote meza moja. Wakapanga maandamano ya amani siku ya Jumatano. Wakakubaliana wasiwaambie wazazi, kwa sababu mzazi mwenye hofu angemfungia mtoto ndani na habari ingemfikia polisi kabla ya Jumanne.

Kilichofuata kinaonyesha faida ya wajumbe wawili kwa kila shule. Walikuwa na siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne, bila simu, bila gazeti, bila redio. Kila mjumbe alirudi shuleni kwake na kuwaambia watu aliowajua. Mabango yaliandikwa kisirisiri kwa kalamu na maboksi. Njia za kupita zilipangwa ili shule za mbali zianze mapema, zikipita shule ya jirani ziichukue, na zote zikutane Orlando West kabla ya kuelekea uwanja wa mpira wa Orlando. Hicho ni kitu kinachowezekana tu pale ambapo kila shule ina mtu anayeaminiwa na wenzake na anayejua saa ya kengele.

Jumatano ya tarehe 16 Juni unaijua. Maelfu ya wanafunzi walifika Orlando West, polisi wakawarushia mabomu ya machozi, kisha risasi. Waliouawa mwanzoni ni Hastings Ndlovu, mwenye miaka 15, na Hector Pieterson, aliyekuwa na miaka 12. Picha ya Hector akiwa amebebwa na Mbuyisa Makhubo, dada yake Antoinette akikimbia pembeni, ilipigwa na Sam Nzima na kuzunguka dunia nzima. Machafuko yalienea nchini, na Tume ya Jaji Cillié iliyoundwa na serikali yenyewe ilihesabu watu 575 waliokufa hadi mwisho wa Februari 1977.

Sasa kuhusu ANC. Chama hicho kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1960, viongozi wake wakiwa gerezani katika kisiwa cha Robben Island au uhamishoni, wengine hapa hapa Tanzania. Baadhi ya wanafunzi wa SASM walikuwa na mawasiliano ya siri na wazee wa ANC waliobaki mjini, na hilo limeelezwa na wahusika wenyewe baada ya uhuru. Lakini kuwa na mzee unayemtembelea kwa ushauri si kutumwa naye. Mkutano wa Donaldson uliitishwa na wanafunzi, wajumbe walitoka shuleni, uamuzi ulikuwa wao. Upande uliosema "ANC iliwatuma" unawanyang'anya watoto kazi yao, na ule uliosema "hasira tu" unafanya hivyo hivyo kwa njia nyingine. Mimi ninawapinga wote wawili kwa nguvu sawa.

Baada ya mauaji, kamati ile haikutawanyika. Wazazi waliunda Black Parents' Association, chini ya Askofu Manas Buthelezi, kikiwemo kikundi cha madaktari na akina mama kama Winnie Mandela, ili kuzika maiti, kutafuta mawakili na kupeleka madai serikalini. Wanafunzi waliwatumia wazazi hao kama sauti yao mbele ya wakubwa, lakini madai yenyewe waliyaandika wao. Mwanzoni mwa Julai serikali ilirudi nyuma kwenye lugha: wakuu wa shule wakaruhusiwa kuchagua lugha ya kufundishia. Wengi walitarajia mambo yaishie hapo. Yasingeweza kuisha wakati mamia ya wanafunzi wako mahabusu na makaburi bado mabichi.

Tarehe 2 Agosti, katika Morris Isaacson, wajumbe wa shule walikutana tena, na ndipo jina la SSRC liliposhika, Mashinini akiwa mwenyekiti. Baraza lilitaka wanafunzi warudi shuleni na waache kuchoma majengo ya shule. Wapo wanaoshangaa kusikia hivyo. Lakini baraza bila shule lingekutania wapi? Lingepeleka vipi ujumbe? Wajumbe wenyewe walilijua hili vizuri kuliko waliowaponda kwa kuwa waoga. Na polisi nao walilijua, ndiyo maana wakaanza kuvamia shule saa za masomo kuwatafuta viongozi.

Kuanzia Agosti baraza liliwaomba wazazi wabaki nyumbani wasiende kazini Johannesburg. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Agosti, ikafuata nyingine mwishoni mwa mwezi huo. Hii ya pili ilileta msiba. Katika Soweto kulikuwa na mabweni ya wanaume waliotoka vijijini, wengi Wazulu, walioishi bila familia zao na kudharauliwa na watu wa mjini. Hakuna aliyewaeleza mgomo ni wa nini. Vijana waliwazuia njiani kwa nguvu, na wakazi wa bweni la Mzimhlophe wakawashambulia wenyeji huku polisi wakiwaachia. Watu wengi walikufa.

Hapa baraza lilifanya jambo ninaloliheshimu sana. Kabla ya mgomo wa tatu, wa tarehe 13 hadi 15 Septemba, wanafunzi walikwenda kuzungumza na wakazi wa mabweni na kutoa vipeperushi vilivyowataja wao kama baba na ndugu, vikieleza kwamba mishahara duni na sheria za pasi zinawaumiza wao kuliko mtu yeyote. Mgomo huo uliitikiwa vizuri kuliko yote iliyotangulia, na watu wa mabweni wakabaki ndani pamoja na wenyeji. Vijana wa miaka 17 na 18 walikuwa wamerekebisha ndani ya wiki tatu kosa lililoua watu. Mwito wa Novemba wa kugoma siku tano mfululizo ulishindikana: watu walikuwa wamechoka na hawakuwa na akiba, na baraza lilikuwa limewaomba wasichoweza. Sikufichi pia kwamba mara nyingi miito ilisindikizwa na vitisho, na kwamba wanafunzi wengi waliosusia mitihani ya mwaka ule hawakurudi tena shule.

Uongozi ulibadilika haraka kwa sababu ya msako. Mashinini alitangaziwa zawadi kwa atakayemfichua, akatoroka kupitia Botswana mwishoni mwa Agosti. Akafuata Khotso Seatlholo wa Naledi, naye akalazimika kukimbia mapema 1977. Akaja Daniel Montsitsi wa Sekano-Ntoane, aliyekamatwa Juni 1977, na mwisho Trofomo Sono. Wenyeviti wanne ndani ya miezi kumi na nne, na kila alipoondoka mmoja mwingine alikuwa tayari, kwa sababu kila shule iliendelea kutoa wajumbe. Katikati ya kipindi hicho ndipo baraza lilipopata ushindi wake mkubwa baada ya ule wa lugha. Mwaka 1977 mamlaka ya mji ilitangaza kupandisha kodi za nyumba. SSRC ilipinga, wazazi wakaiunga mkono, na nyongeza ikasitishwa. Baraza likawataka madiwani wa Urban Bantu Council, chombo ambacho serikali ilikiweka kijifanye kinaisemea Soweto, wajiuzulu. Walijiuzulu. Kwa muda mfupi, chombo pekee kilichochaguliwa na watu ndani ya mji huo mkubwa kilikuwa cha wanafunzi wa sekondari.

Umeuliza mbona halikudumu. Septemba 1977 serikali ilizitwaa moja kwa moja sekondari za Soweto, ikavunja kamati zake na kuziweka chini ya ofisi ya Pretoria. Mamia ya walimu walijiuzulu kwa kupinga. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba, SSRC ilipigwa marufuku pamoja na vyama vingine vya Mwamko wa Watu Weusi na gazeti la The World. Ilikuwa wiki chache baada ya Biko kuuawa akiwa mikononi mwa polisi. Kwa maoni yangu mpangilio huo wa matukio unaeleza kila kitu: serikali ilikuwa imetambua kwamba kumkamata mwenyekiti hakusaidii, maana shule zitaleta mwingine. Ikaanza na shule, ndipo ikalifunga baraza.

Viongozi kumi na mmoja wa baraza walishtakiwa kwa uchochezi, na kesi yao ilimalizika 1979. Montsitsi, Murphy Morobe wa Morris Isaacson na Seth Mazibuko walipelekwa Robben Island. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwemo msichana mmoja tu, Sibongile Mthembu wa Naledi, naye alifungwa. Wasichana waliandamana, walipigwa risasi na walikamatwa kama wavulana, lakini viti vya uongozi walipewa vichache mno. Baraza lile lilikuwa na upungufu huo, na baraza lenu lisiurithi.

Ninajua utakuwa unalinganisha na baraza la kata yenu. Linganisha kwa uangalifu. Wao walifanya kazi chini ya serikali iliyowaona maadui. Wewe una Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo kifungu chake cha 11 kinakupa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayokuhusu. Huna sababu ya kuwaficha wazazi. Lakini swali la wajumbe ni lile lile. Waliochaguliwa kwenye baraza lenu walichaguliwa na nani? Ni darasa lililopiga kura, au ni mwalimu aliyewataja wanaoongea Kiingereza vizuri? Na mkirudi shuleni baada ya kikao, mnasimama mbele ya wenzenu kueleza yaliyosemwa? Kama jibu ni hapana, anzeni hapo.

Kuhusu Mazimbu: baada ya Juni 1976 vijana kwa maelfu walivuka mipaka ya Botswana na Swaziland, na wengi walifika Tanzania wakiwa wamekatisha masomo. ANC ilihitaji shule. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa shamba la zamani la mkonge Mazimbu, Anna Abdallah akiwa mkuu wa mkoa wa Morogoro, na kuanzia 1978 likaanza kujengwa. Shule ikaitwa Solomon Mahlangu Freedom College, SOMAFCO, kwa heshima ya kijana wa Mamelodi aliyeondoka nchini baada ya 1976, akajiunga na jeshi la ANC, na kunyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Oliver Tambo aliifungua rasmi 1985. Si wote walioondoka Soweto walioingia ANC. Mashinini mwenyewe hakujiunga nayo, akaishi uhamishoni katika nchi kadhaa, na alifariki Guinea mwaka 1990, mwaka ule ule ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga tarehe 16 Juni iwe Siku ya Mtoto wa Afrika.

Mwaka 1992 majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Uko karibu nayo kuliko mimi. Mwombe mwalimu wako wa Historia aandike barua chuoni ili mruhusiwe kuizunguka kama darasa, pamoja na makaburi ya wakimbizi. Kisha mtafuteni mzee wa Mazimbu au wa Kihonda aliyefanya kazi pale, mjenzi, mpishi au dereva, mumuulize vijana wale waliishi vipi, na kama waliendelea kuchaguana viongozi wao wenyewe walipokuwa huku. Nendeni na daftari na biro, na muandike majina na miaka.